Rundo la Katikati

Kwa Kiswahili, mchezo una sifa mbaya. Mzaha mzaha hutumbua usaha, ndivyo tulivyolelewa. Ukizembea kidogo kazini, bosi anakuuliza, "Kwani unacheza na kazi?" Mtu akitaka ujue mambo ni mazito anakwambia hapa si mchezo. Kwa hivyo ukisikia kwamba watu wazima wanafundishwa kazi za uhai na kifo kwa kadi za picha, mwanasesere na apu ya simu, kichwa chako kinaruka moja kwa moja hadi kwenye zile semina za hoteli: projekta, chupa za maji, mchezo wa kurushiana mpira "ili tuchangamke", halafu lanchi na alawansi, kila mtu aende kwao.

Lakini mchezo ulikuwa shule ya kazi kabla semina hazijazaliwa. Na ukitaka kuelewa kwa nini, usianzie Westlands. Anzia Hagadera.

Hagadera iko Fafi, kaunti ya Garissa, kusini mwa mji wa Dadaab, kwenye nchi tambarare ya mchanga na miba. Januari 1991 Siad Barre alifukuzwa Mogadishu, Somalia ikapasuka, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa miguu. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huohuo. Hagadera na Dagahaley zikafuata 1992. Kambi hizo tatu kwa jumla zilipangiwa watu 90,000. Kufikia ukame na njaa ya 2011, Dadaab nzima ilikuwa na zaidi ya watu 450,000, na Hagadera pekee ilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Kenya unayoijua kwa jina.

Sasa jiulize: mji wa aina hiyo unaendeshwa na nani? Nani anasafisha choo, anapima mtoto uzani, anafundisha darasa la tatu, anapita mlango kwa mlango akisema maji ya kunywa yafunikwe? Picha za televisheni hutuonyesha mfanyakazi wa shirika aliyevaa fulana yenye nembo, ameshuka kutoka kwenye Land Cruiser nyeupe. Ukweli usemwe: sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wakimbizi wenyewe. Kwa kuwa kupata kibali cha kazi kumekuwa kugumu mno kwao, hawaitwi waajiriwa. Wanaitwa wafanyakazi wa insentivu, na wanachopokea si mshahara. Ni insentivu, kiasi kilicho chini sana ya anachopata Mkenya anayefanya kazi ya aina hiyohiyo.

Watu hawa lazima wafundishwe kazi, na kuwafundisha kuna ugumu wake. Wapo waliosoma mpaka sekondari palepale kambini, na wapo ambao hawajawahi kushika kalamu. Wengi wanazungumza Kisomali, wengine Kimaay, Kioromo, Kiamhari au Kiswahili. Tena hawakai. Leo umemfundisha mtu, kesho jina lake limetoka kwenye orodha ya kuhamia nchi nyingine, au ameamua kurudi Kismayu. Unaanza upya na mwingine. Na ugonjwa haungoji umalize slaidi zako. Mwaka 2012 homa ya ini aina ya E ilisambaa Dadaab. 2013 ikawa polio. Novemba 2015 kipindupindu kiliingia, na mwishoni mwa 2022 kikarudi tena. Kila mara silaha ya kwanza ilikuwa ileile: mtu wa kambini, anayeaminika na jirani zake, anayejua la kufanya.

Hotuba ya saa tatu haimfikishi mtu huyo mbali. Atatikisa kichwa, atasaini karatasi ya mahudhurio, atakunywa soda, na jioni atafanya vile alivyokuwa akifanya jana. Shida hii haikuanzia kambini. Ni ya zamani, na waliojaribu kuitatua kwa mchezo ni watu ambao hungewatarajia.

Wa kwanza ni wanajeshi. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, kwenye Ujerumani ya leo, lilianza kuwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa mezani uliobuniwa na ofisa kijana aitwaye von Reisswitz, akiendeleza wazo la baba yake. Kulikuwa na ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, na mwamuzi. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Jenerali akikosea vitani, watu wanakufa. Akikosea mezani, anakusanya vipande anaanza tena. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwaka 1932, mwanamke aitwaye Mary Birshtein alitengeneza mchezo huko Leningrad wa kuwafundisha watu jinsi ya kupanga uzalishaji katika kiwanda cha taipureta. Wamarekani walifika hapo katikati ya miaka ya 1950, chama chao cha mameneja kilipotoa mchezo wa kompyuta ambapo mabosi walishindana kuendesha kampuni za kubuni.

Usidhani hii ni akili ya Wazungu pekee. Mwaka 1956 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumiwa kwenye mafunzo ya jando na unyago, wakiwemo Wazigua na Wasambaa wa upande wa Tanga. Kinyago kilikuwa na wimbo wake na fumbo lake. Mwari alionyeshwa, akaimbiwa, akatakiwa kuelewa. Mwalimu hakusoma hotuba. Aliweka kitu mbele ya macho na kumwachia mwanafunzi kazi ya kukifumbua. Hayo yalikuwa mafunzo ya utu uzima: ndoa, uzazi, kazi, namna ya kukaa na watu.

Na hapa historia inafanya kitu cha ajabu. Katika karne ya 19, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani na kuuzwa pwani ya Somalia. Vizazi vyao vilibaki kwenye mabonde ya mto Juba, baadhi wakiendelea kuzungumza Kizigua. Vita vya 1991 vilipowafukuza, walikimbilia Kenya, na maelfu wakaishia kambi za Dadaab, wakijulikana kama Wabantu wa Somalia. Mwaka 2002 karibu watu 12,000 kati yao walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma kusubiri safari ya Marekani. Yaani kwenye mchanga uleule ambako wataalamu wa ng'ambo walikuja na mbinu za kumfundisha mtu asiyesoma, waliishi watu ambao mababu zao walikuwa na shule kamili isiyohitaji kusoma.

Wasomali nao wana shax. Unachora miraba mitatu ardhini, mmoja ndani ya mwingine, unaiunganisha kwa mistari, unapata nukta 24. Kila mchezaji ana vijiwe 12, au vijiti, au chochote kilicho karibu. Lengo ni kupanga vitatu kwa mstari, wanaita jare, ili upate haki ya kuondoa kijiwe cha mwenzako. Ni mchezo wa wachunga ngamia, na anayeutazama kwa dharau hajawahi kuucheza. Lazima uone hatua tano mbele, ujue lini kupoteza kidogo ili upate kikubwa. Mtu anayecheza shax vizuri hahitaji kuambiwa maana ya kupanga. Kwa hiyo mfanyakazi wa insentivu anapoingia kwenye mafunzo, haji akiwa debe tupu.

Hilo ndilo jambo ambalo Lyra Srinivasan alilielewa. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya watu wazima aliyefanya kazi nchi nyingi, na mwaka 1990 mwongozo wake wa mbinu shirikishi ulichapishwa chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa maji na wanawake. Juu ya msingi wake, Shirika la Afya Duniani na mpango wa maji wa UNDP na Benki ya Dunia vikajenga mbinu iitwayo PHAST, iliyojaribiwa kuanzia 1993 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Zimbabwe na Botswana. Mwongozo wake wa hatua kwa hatua ulitoka 1998. Tangu hapo imesambaa sana, hadi kwenye kazi za dharura na kambi za wakimbizi.

Moyo wa PHAST ni kadi. Mchoraji wa hapo mlipo anachora picha bila maandishi: mwanamke anachota maji, ng'ombe wako kisimani, mtoto anajisaidia nyuma ya nyumba, mtu ananawa mikono. Kikundi kinapewa kadi na kuambiwa kizipange kwenye marundo matatu. Hili zuri. Hili baya. Na la tatu, la katikati: si zuri wala si baya, au hatujakubaliana. Mwezeshaji anaambiwa asisahihishe. Anyamaze, asikilize.

Mafunzo ya kawaida yana marundo mawili tu: fanya hivi, usifanye hivi. Rundo la tatu ndilo linaloleta kelele. Chukua kadi ya mtoto mdogo anayejisaidia uani. Mmoja ataiweka kati, kwa sababu amekulia akiamini kinyesi cha mtoto hakina madhara. Mwingine atabisha. Wa tatu, mama wa watoto sita, atasema usiku choo kiko mbali na giza lina mambo yake, kwa hivyo mtoto aende wapi? Chukua kadi ya mtungi usio na kifuniko. Mtaalamu anaona kosa. Aliyepanga foleni ya maji tangu alfajiri anaona mtungi wa zamani ambao kifuniko chake kilipotea na hakuna pa kununua kingine peke yake. Ndani ya dakika kumi hujapata jibu tu, umepata sababu. Na aliyetoa sababu si mwenye fulana ya nembo. Ni yule ambaye kesho atapita mlango kwa mlango.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mchezo unasaidia kwa sababu unachangamsha. Kurushiana mpira pia kunachangamsha, na hakufundishi mtu chochote. Kadi zinafanya kazi kwa sababu zinampa mwanafunzi haki mbili ambazo hotuba humnyima: haki ya kukosea bila kuumiza mtu, na haki ya kumbishia mwalimu.

Haki ya kwanza utaiona vizuri zaidi kwa mwanasesere. Asmund Laerdal alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea huko Stavanger, Norway: magari madogo ya plastiki, wanasesere laini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Peter Safar na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kupuliza hewa mdomo kwa mdomo kunaweza kumwokoa mtu aliyeacha kupumua. Lakini utajifunzaje kufanya hivyo bila kumwonea mtu mzima aliye hai? Mwaka 1960 Laerdal akatoa Anne, mwanasesere wa ukubwa wa mtu. Vitu vya kuchezea vikawa vifaa vya hospitali.

Kampuni yake baadaye ilitengeneza NeoNatalie, mtoto mchanga wa plastiki anayejazwa maji ili awe mzito kama mtoto wa kweli. Mwenye kufundisha anabonyeza vipira vidogo, na "mtoto" analia, anapumua, au mapigo ya kitovu yanasikika vidoleni. Asipobonyeza, mtoto yuko kimya, na mkunga ana dakika moja. Dakika ya dhahabu, wanaiita. Mafunzo yanayomtumia mwanasesere huyu, Helping Babies Breathe, yalizinduliwa 2010 baada ya kujaribiwa Kenya na Pakistan. Wanajifunza wawili wawili, mmoja akiwa mkunga na mwingine akimwendesha mtoto, kisha wanabadilishana. Ukimwangalia mtu mzima akimkausha mwanasesere kwa taulo kwa haraka, jasho likimtoka, utajua kwamba huu ni mchezo ambao hakuna anayecheka.

Kenya ilipiga hatua nyingine. Tangu miaka ya 2000 madaktari wa hapa, pamoja na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, wamekuwa wakiendesha kozi iitwayo ETAT+ ya kumhudumia mtoto mgonjwa sana katika dakika za kwanza. Ni kozi nzuri yenye tatizo moja: inachukua siku tano na wakufunzi wengi. Wodi ndogo ya Kaskazini Mashariki ikimtuma muuguzi kwenye kozi wiki nzima, nani anabaki na wagonjwa? Kutoka Nairobi hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 350, na kutoka Garissa hadi Dadaab kuna nyingine mia hivi za kumeza vumbi. Ndipo Chuo Kikuu cha Oxford na KEMRI-Wellcome wakatengeneza LIFE, mchezo wa simu. Unaingia kwenye hospitali ya kubuni, mtoto hapumui, utafanya nini kwanza? Ukichagua vibaya, unaelezwa kwa nini, unajaribu tena mpaka upate. Usiku wa manane, kwenye zamu, bila mkubwa wa kukuaibisha mbele ya wenzako.

Lakini angalia kilichotokea tulipotoka kwenye kadi kwenda kwenye simu. Haki ya kukosea imebaki. Haki ya kubisha imepungua. Simu haina rundo la katikati. Huwezi kuiambia, "Sawa, lakini hapa kwetu mtungi wa oksijeni uliisha jana." Kwa dharura ya mtoto asiyepumua hilo linavumilika, maana hatua za kufanya zinajulikana na muda haupo. Hatari inaanza watu wanapodhani kila kazi ni ya aina hiyo.

Dadaab ilionja upande huo mwingine mapema. Mwaka 2009 Samasource, shirika lililoanzishwa California mwaka uliotangulia na Leila Janah, lilishirikiana na CARE kuwapa wakimbizi wa Dadaab kazi ndogondogo za kompyuta. Mwaka huohuo, pamoja na kampuni ya CrowdFlower, likatoa apu ya iPhone iliyoitwa Give Work. Mtu aliyekuwa kwenye foleni ya kahawa huko Marekani aliweza kufungua simu na kufanya kipande cha kazi kwa kujitolea, na majibu yake yakasaidia kukagua kazi ya walioko kambini. Wazo lilikuwa la nia njema, na kulikuwa na watu waliopata malipo ambayo wasingeyapata. Hata hivyo tazama picha yenyewe. Kitendo kilekile, kidole kilekile kwenye kioo: upande mmoja ni mchezo wa kupitisha muda, upande wa pili ni unga. Mwenye kucheza ndiye kipimo cha mwenye kufanya kazi.

Ukitaka kuona mbegu hiyo imeota wapi, huhitaji kwenda Garissa. Simamisha bodaboda wa kupeleka chakula Kilimani umwombe akuonyeshe simu yake. Nyota, pointi, bonasi ya safari kadhaa kabla ya saa nne usiku. Ni mchezo, na anaujua kuucheza. Ila hakuna mahali pa kuweka kadi inayosema leo mvua ilinyesha, mteja alikuwa ghorofa ya tisa na lifti ilikufa. Kuna rundo zuri na rundo baya, basi. Mchezo wa namna hiyo haukufundishi kazi. Unakufundisha kutii, kwa rangi za kupendeza.

Kwa hiyo siku kampuni yako ikitangaza kwamba mafunzo ya mwaka huu yatakuwa "ya kimchezo", usiulize kama yatafurahisha. Uliza maswali mawili. Je, nikikosea hapa nitajifunza, au nitaandikwa? Na nikijua kitu ambacho aliyetunga mchezo hakijui, kuna pa kukisemea?

Ukiwauliza wafanyakazi wa Hagadera maswali hayo, historia yao inajibu nusu. Wamepewa kadi, wamepewa wanasesere, wamepewa vyeti, pengine kuliko wafanyakazi wowote wengine nchini. Wametatua mambo ya vyoo, maji na uzazi ambayo hakuna mtaalamu wa kutoka nje angeyatatua peke yake. Jambo moja halijawahi kuwekwa kwenye mkeka wao walichague wenyewe: masharti ya kazi yao. Sheria mpya ya wakimbizi ilipitishwa 2021 na kuanza kutumika Februari 2022, ikifungua mlango wa mkimbizi kufanya kazi. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Hayo ni maneno mazito, na wenyeji wa Fafi wana yao ya kusema, kwa sababu nao wameishi pembeni ya kambi miaka thelathini na zaidi, wakigawana nayo kuni na visima.

Kama mpango huo unahitaji mafunzo, na utayahitaji, mbinu ipo na inajulikana. Mchoraji wa hapohapo achore kadi mbili. Ya kwanza: wauguzi wawili, wodi moja, zamu moja, na bahasha mbili zisizolingana mwisho wa mwezi. Ya pili: mchungaji na mkimbizi kwenye kisima kimoja. Waketi wafanyakazi wa insentivu na wenyeji wa Fafi, waziweke kwenye marundo matatu. Na mwezeshaji, kama mwongozo unavyomtaka, anyamaze.